Kuipata hitilafu ya kebo ya chini kwa shimo moja

Nilipofika kwenye ile nyumba ya wageni upande wa Tengeru, Arusha, nilihesabu mashimo kumi na moja. Yalikuwa yamefuatana kutoka getini hadi jikoni, mengine ya magotini, mengine ya kiunoni, na moja lilikuwa limekata bomba la maji. Kebo yenyewe ilionekana kwenye mashimo manne tu. Machalii wa jembe walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri kuambiwa wachimbe wapi tena, na fundi aliyenitangulia alikuwa hapokei simu.

Kebo ilikuwa ya nyaya nne za shaba, milimita za mraba 16, inatoka meni swichi ya getini kwenda jikoni. Mwenye nyumba alikuwa na malalamiko mawili: breka inaanguka kila mvua ikinyesha, na mita ya LUKU inakula yuniti usiku hata kama kila kitu kimezimwa. Nitaitumia kazi hiyo kama mfano mpaka mwisho, kwa kuwa ilikuwa na mengi ya kujifunza, pamoja na kosa langu mwenyewe ambalo nusura lizae shimo la kumi na mbili.

Mwongozo huu ni wa mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wanaofanya kazi upande wa mteja, yaani baada ya mita. Kebo ya kabla ya mita, transfoma na nguzo ni za TANESCO. Huko toa taarifa, na lakiri ya mita usiiguse.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufungua boksi la vifaa

Breka ikianguka, usiirudishe mara tano ukitumaini itashika. Kila unapoirudisha, umeme wote wa shoti unapita kwenye kidonda kile kile. Unaweza kukata waya kabisa, au kuharibu na waya wa pembeni uliokuwa mzima, na waya huo mzima utauhitaji sana huko mbele.

Tafuta watu. Mwenye nyumba mara nyingi hajui kitu. Mlinzi, mtunza bustani na mpishi ndio wanaojua. Uliza nani amechimba karibuni: bomba, nguzo za fensi, mtu wa intaneti, miche ya miti. Uliza kama kebo iliwahi kuungwa, na wapi. Jointi ya zamani ni mshukiwa wa kwanza siku zote. Uliza tatizo lilianza lini, na kama mvua inaliongeza.

Siku ile nilimwamkia mlinzi, mzee wa Kimeru, nikamuuliza kama ameona jambo lolote geni kwenye uwanja. Akafikiri, akasema: "Kijana wangu, la umeme silijui. Ila ng'ombe wangu wawili nawapitisha hapa jioni, na tangu mvua zianze wakifika kwenye ule mgomba wanagoma. Wanarudi nyuma kabisa."

Usicheke habari kama hiyo. Umeme unapovuja ardhini, volti ya udongo inapungua kadiri unavyokwenda mbali na kidonda. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe imeachana zaidi ya hatua ya mtu, kwa hiyo yeye anapata tofauti kubwa ya volti kuliko wewe uliyevaa viatu. Nilichora mgomba kwenye karatasi nikaendelea. Ng'ombe anakupa eneo la kuchunguza, na shimo linahitaji kipimo. Lakini pia nilimwambia mzee asipitishe mtu wala mnyama pale mpaka nimalize, kwa sababu mvujo unaomsumbua ng'ombe leo unaweza kumuua mtoto peku kesho.

Hatua ya 2: Zima kila chanzo

Siku hizi nyumba moja ina vyanzo vitatu. Kuna LUKU, kuna jenereta yenye swichi inayojibadilisha yenyewe, na kuna sola yenye inveta. Ukizima meni swichi tu, jenereta inaweza kudhani umeme umekatika ikajiwasha na kukurudishia umeme usoni. Zima vyote, funga kwa kufuli, ufunguo uingie mfukoni mwako, bandika karatasi.

Kisha pima kama kebo imekufa kweli. Testa ya bisibisi yenye kitaa si ushahidi. Tumia mita ambayo umeijaribu kwanza mahali penye umeme, ukapima kebo, ukarudi kuijaribu tena penye umeme. Pima fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, na kila waya kwa ethi.

Hatua ya 3: Fungua ncha zote mbili, uite mega

Mega ni mita inayosukuma volti kubwa ili kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Nyaya zote zitoke kwenye vituo vyake, nyutro pia, pande zote mbili. Legeza na glandi, kile kikazio cha kebo inapoingia kwenye boksi, ili zile nyuzi za chuma zinazoizunguka kebo, nitaziita deraya, zisiguse ethi ya jengo. Fundi mvivu huacha upande wa pili umeunganishwa, akapima friji na taa za LED akidhani anapima kebo, na wakati huo huo anaziua kwa volti za mega.

Kwa kebo ya volti 230/400 weka mega kwenye volti 500. Pima kila waya kwa deraya, halafu waya kwa waya, dakika moja kila kipimo. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, ingawa mimi kebo nzima ikinipa megaohmu 2 silali vizuri. Linganisha nyaya zenyewe kwa zenyewe. Tengeru nilipata hivi, kila waya kwa deraya, namba ni za megaohmu:

nyekundu: 0.00
njano: 210
bluu: 230
nyeusi: 190

Hapo picha imeanza kuonekana. Waya mmoja mgonjwa, watatu wazima. Kabla ya kugusa ncha, gusanisha nyaya zote na deraya kuondoa chaji. Kebo ndefu inaweka umeme wa mega kama kapasita, na inauma.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Sifuri ya mega si lazima iwe shoti kamili, kwani mega haioni chini ya maelfu ya ohmu. Chukua mita ya kawaida, weka kwenye ohmu, pima tena waya mgonjwa kwa deraya. Nilipata kiloohmu 3.8. Nikabadilisha pini, nyekundu ikaenda nyeusi ilipokuwa, nikapata kiloohmu 9. Ukinzani wa kweli haujali pini iko upande gani. Namba zikitofautiana hivyo, ndani ya kidonda kuna maji, na shaba na chuma ndani ya maji vimejigeuza betri ndogo. Andika hilo pembeni kwa kalamu nyekundu.

Mwisho, gusanisha nyaya zote upande wa jikoni, rudi getini upime kama kila waya unafika. Zote zilifika, kwa hiyo hapakuwa na waya uliokatika.

Hatua ya 4: Aina ya ugonjwa ndiyo inayochagua dawa

Kuna kifaa cha mwangwi, kile mafundi wanakiita TDR. Kinatuma pigo la umeme kwenye kebo na kusikiliza linavyorudi. Ni kizuri kwa waya uliokatika na kwa shoti ya ohmu chache: pigo likikuta waya umekatika mchoro unapanda, likikuta shoti unashuka. Lakini kwa hitilafu ya kiloohmu 3.8 kifaa hicho ni kipofu. Kebo yenyewe ina ukinzani wake wa mawimbi wa makumi machache tu ya ohmu, na tundu la maelfu ya ohmu pembeni halirudishi mwangwi wa kuonekana. Fundi wa kwanza alikuwa amekikodi. Kikamwonyesha mwisho wa kebo tu, akaamua kebo ni nzima na kuanza kubahatisha kwa jembe.

Ukikitumia, kisahihishe kwanza kwa waya mzima wa kebo hiyo hiyo. Pigo linasafiri kwenye kebo za plastiki kwa zaidi kidogo ya nusu ya kasi ya mwanga, lakini zaidi kiasi gani inategemea kebo. Rekebisha asilimia mpaka mwisho wa waya mzima usomeke urefu unaoujua, ndipo uhamie kwenye waya mgonjwa.

Waya uliokatika pakavu una njia rahisi zaidi. Mita yenye kipimo cha kapasita inatosha. Unganisha nyaya nyingine zote na deraya pamoja, pima waya uliokatika kwa hilo fungu kutoka getini, halafu kutoka jikoni. Ukipata nanofaradi 36 upande mmoja na 20 upande wa pili kwenye kebo ya mita 140, basi umekatika kwenye 140 × 36 ÷ 56, yaani mita 90. Maji yakiwa yameingia, njia hii inadanganya, usiitumie.

Kwa waya unaovuja kwenda kwenye deraya, huku waya mwingine ukiwa mzima, dawa ni betri ya gari.

Hatua ya 5: Ujue urefu na njia

Kebo nyingi zina namba za mita zimechapwa kwenye ganda la nje. Soma getini, soma jikoni, toa. Zikiwa zimefutika, ukinzani utakuambia: shaba ya milimita za mraba 16 ina ohmu 1.15 kwa kilomita kwenye nyuzi joto 20, ya 10 ina 1.83, ya 25 ina 0.727. Kwetu namba zilisomeka, mita 140.

Njia ni habari nyingine. Usiamini kwamba kebo imenyooka. Waliochimba mtaro walikwepa mti ambao leo haupo, au jiwe ambalo jembe lilishindwa nalo. Kitafuta kebo kinachotuma mawimbi kwenye waya na kuyasikiliza juu ya ardhi ndicho cha uhakika. Tembea nacho, weka kigingi kila mita tano. Tuligundua kebo inazunguka mbali kabisa na mstari wa mashimo saba kati ya yale kumi na moja. Kama huna kifaa hicho, kodi. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa.

Kumbuka pia kwamba mita za kebo si mita za ardhini. Kebo inapanda ukutani, na fundi mwema aliyeitandaza aliacha akiba ya mzunguko karibu na geti. Vyote hivyo utavitoa.

Hatua ya 6: Betri, taa ya gari na mita

Hii ndiyo kazi yenyewe, fanya taratibu.

1. Jikoni, unga waya mgonjwa (nyekundu) na waya mzima wa unene ule ule (bluu) kwa kipande kifupi kinene cha shaba. Kaza kwa boliti. Muungano mlegevu hapa utakuongezea mita ambazo hazipo.
2. Getini, chukua betri ya volti 12. Pitisha umeme wake kwenye taa ya mbele ya gari ya wati 55, kisha kwenye nyekundu, urudi kwa bluu. Taa inazuia umeme usizidi ampea nne na nusu hivi. Bila taa utachemsha betri.
3. Weka mita kwenye volti za DC. Pini nyeusi kwenye deraya, pini nyekundu kwenye shaba yenyewe ya waya mgonjwa, si kwenye meno ya klipu ya betri. Klipu ina upotevu wake wa volti, na huo hatuutaki kwenye hesabu. Hiyo ni V1.
4. Hamisha pini nyekundu kwenye shaba ya bluu. Hiyo ni V2.
5. Umbali wa hitilafu kutoka getini ni mara mbili ya urefu wa kebo, mara V1, gawanya kwa jumla ya V1 na V2. Alama za kuongeza na kutoa ziache, chukua ukubwa tu.

Maana yake ni nyepesi. Umeme wa betri unazunguka njia yote, mita 140 za kwenda na 140 za kurudi, na volti inapungua sawasawa kila mita. Deraya inagusa nyekundu mahali pamoja tu, kwenye kidonda, kwa hiyo inabeba volti ya mahali hapo kama kijiti cha kupimia kina cha mto. Mita ya dijitali ina ukinzani wa megaohmu 10 hivi, na kiloohmu 3.8 za kidonda mbele yake si kitu.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilipata V1 ya 0.69 na V2 ya 0.76. Mara mbili ya 140 ni 280, mara 0.69, gawanya kwa 1.45: mita 133. Nikatembea na mkanda wa kupimia mpaka mita hiyo, nikakuta ni chini ya sakafu ya zege ya maegesho, karibu kabisa na jikoni. Mwenye nyumba alikuwa tayari kuleta nyundo ya zege. Nikatazama nyuma, mgomba wa yule mzee uko mbali kule. Ndipo nikakumbuka kalamu nyekundu.

Ile betri ndogo ya maji ilikuwa imejiongeza kwenye vipimo vyangu. Dawa yake ni hatua ya sita ambayo nilipaswa kuifanya bila kukumbushwa na ng'ombe:

6. Geuza nguzo za betri, chanya iende hasi ilipokuwa, pima V1 na V2 tena. Safari hii alama za kuongeza na kutoa usiziache. Kwa kila kimoja, tafuta tofauti kati ya vipimo viwili, ugawanye kwa mbili.

V1 ilikuwa +0.69, ikawa -0.27. Tofauti ni 0.96, nusu yake 0.48. V2 ilikuwa -0.76, ikawa +1.18. Tofauti ni 1.94, nusu yake 0.97. Sasa 280 × 0.48 ÷ 1.45 inatoa mita 92.7. Mita arobaini nyuma ya zege. Betri ya maji ilikuwa na volti 0.21, na ilitosha kunivunjisha sakafu ya watu.

Ukipata nafasi, hakiki kwa ukinzani. Jumla ya volti 1.45 kwa ampea 4.5 ni ohmu 0.322, gawanya kwa 1.15 ya kilomita, unapata kilomita 0.28, ambayo ni mita 280 za kwenda na kurudi. Hesabu ikikataa kufunga, kuna muungano mlegevu au urefu umedanganywa.

Ikiwa nyaya zote za kebo zimeingia maji, huna wa kurudishia umeme. Tandaza waya wa nje juu ya nyasi kutoka getini hadi jikoni utumike kama bluu. Pima V1 getini kama kawaida, ila V2 ipime kule jikoni, kati ya ncha ya waya mgonjwa na deraya. Hapo tumia urefu mara moja, si mara mbili.

Hatua ya 7: Bana mahali penyewe

Mita 92.7 za kebo, nikatoa mita mbili za kupanda ukutani na tatu za mzunguko wa akiba, zikabaki 88 za ardhini. Hiyo bado ni makadirio ya mita mbili huku na huku, na tofauti ya mita mbili ni mashimo matatu.

Kifaa cha kazi hii ni ile fremu ya miguu miwili mfano wa herufi A. Unatuma ishara kati ya waya mgonjwa na nondo ya ethi iliyopigwa mbali, unachomeka miguu ardhini, mshale unakuelekeza mbele au nyuma. Ukipita kidonda, mshale unageuka.

Huna fremu? Mita na nondo mbili fupi zinaweza kufanya kazi hiyo, kwa uvumilivu. Waya mgonjwa uunge na chanya ya betri, hasi iende kwenye nondo ya ethi iliyopigwa mita ishirini au zaidi pembeni ya njia ya kebo. Deraya iwe wazi ncha zote mbili, umeme utoke ardhini pale ganda la nje lilipotoboka tu. Weka mita kwenye milivolti, chomeka nondo mbili mita moja kutoka kwa nyingine juu ya njia ya kebo, nyekundu mbele, nyeusi nyuma. Msaidizi awashe na kuzima kila sekunde tatu, kwa sababu ardhi ina milivolti zake za kudumu na wewe unatafuta zile zinazoruka. Ukielekea kwenye kidonda, mruko ni wa chanya na unakua. Ukikivuka, unakuwa hasi. Nondo zikiwa pande mbili za kidonda kwa umbali sawa, hakuna mruko. Rudia kwa kukatisha njia, kushoto na kulia, upate msalaba.

Kiangazi mwaga maji kidogo kwenye kila tundu la nondo, la sivyo mita inasoma upepo. Juu ya saruji tumia vitambaa vilivyoloa chini ya nondo.

Nimeona mafundi wanatumia fezi ya volti 230 kupitia balbu badala ya betri, ili mruko uwe mkubwa. Usifanye. Unawasha upya ardhi ambayo umetoka kuizuia watu wasiikanyage.

Msalaba wetu ulianguka hatua mbili kutoka kwenye mgomba.

Kebo za 11 kV na 33 kV

Hizi si zako wala zangu, ila ukiona gari la kazi hiyo limesimama njiani ujue wanachofanya. Hitilafu nyingi za kebo hizi hazionekani kwa volti ndogo, zinapasuka tu zikisukumwa. Kwa hiyo wanatumia mashine ya kupiga: kapasita inajazwa maelfu ya volti, halafu inaachiwa ghafla ndani ya kebo. Kwenye kidonda panatokea mlipuko mdogo, ardhi inagonga. Anayetembea na sahani ya kusikilizia anapokea vitu viwili, wimbi la sumaku linalofika papo hapo na sauti inayofika baadaye kidogo kupitia udongo. Mwanya kati ya hivyo viwili ukiwa mfupi kuliko sehemu nyingine zote, amesimama juu yake. Umbali wa awali wanaupata kwa kifaa cha mwangwi kinachopiga picha wakati ule ule cheche inawaka, maana cheche ni shoti ya muda na mwangwi unaiona.

Mashine hiyo usiipeleke kwenye kebo ya nyumbani. Itakupatia kidonda kimoja na kukuachia vingine viwili.

Hatua ya 8: Chimba, fungua, unga

Sentimita thelathini za mwisho chimba kwa mkono na koleo, si kwa sururu. Tulifika kwenye kina cha sentimita 55. Hapakuwa na mchanga, hapakuwa na tofali wala utepe wa onyo. Mtaro ulifukiwa kwa kile kile kilichotoka humo. Jiwe jeusi la volkano la ukubwa wa ngumi, kali kama shoka upande mmoja, lilikuwa limekaa juu ya kebo. Udongo ukishuka kila masika, jiwe linashuka nao. Ganda la nje lilikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole cha mwisho. Chini yake nyuzi tatu za deraya zimekwisha kwa kutu, unga mweupe umezizunguka, na kwenye ganda jekundu kijitundu cha msumari chenye ukingo mweusi, shaba ndani imegeuka kijani. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado ipo.

Miteremko ya Meru na Kilimanjaro imejaa mawe ya namna hii. Upande wa Moshi ongeza mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba: kebo inayokatiza chini ya mfongo haikauki mwaka mzima, na tundu ambalo Arusha lingesubiri masika, kule linavuja hata Januari. Kwenye udongo mweusi wa mbuga adui ni mwingine. Kiangazi unapasuka na kuvuta kebo, masika unavimba na kuibana, na jointi ndizo zinazoachia. Mchwa na fuko nao wana zamu yao.

Ukishakata sehemu mbovu, usiunge kwanza. Una kebo mbili sasa, pima kila moja kwa mega. Nilipima ya kwenda jikoni, megaohmu 250. Ya kwenda getini, 40, na kwenye ncha ilikuwa na jasho la maji. Nikakata sentimita ishirini nyingine, ikapanda 220. Kama ningeunga bila kupima, maji yangebaki ndani ya jointi mpya.

Unga kwa mikono ya shaba iliyobanwa kwa koleo lake, siyo kusokota. Kila waya na urefu wake ili mikono isikae sambamba, deraya iunganishwe kwa klipu zake ili ethi ifike jikoni, halafu jointi ya kumimina resini. Utepe mweusi peke yake chini ya ardhi hauvuki masika moja. Acha mzunguko mdogo wa akiba, tandika mchanga wa sentimita kumi chini na kumi juu, tofali, utepe wa onyo, ndipo udongo uliochekechwa mawe.

Rudisha glandi, kaza ethi pande zote mbili. Glandi ya getini niliikuta imelegea tangu mwanzo, na ndiyo maana mvujo ule ulikaa ardhini ukisumbua mifugo badala ya kuiangusha breka siku ya kwanza. Nikaweka na breka ya kuvuja, ile inayojizima umeme ukivuja ardhini, kwenye meni swichi. Pima mega tena kebo nzima kabla ya kuwasha.

Kabla ya kufukia, piga picha ya jointi ukionyesha mkanda wa kupimia kutoka pembe mbili za ukuta, na namba zake uziandike kwenye karatasi itakayobandikwa ndani ya mlango wa meni swichi. Nilimwachia mlinzi nakala ya pili. Baada ya mvua kubwa ya kwanza nilirudi kupima: nyekundu kwa deraya, megaohmu 180, na ng'ombe walikuwa wamelala chini ya mgomba.